Sindano ya Ujana: Ilianzia kwa Jogoo, Ikapitia kwa Beberu, Sasa Imetua Jimu za Mtaani

Leo tuweke pembeni habari za nani kamwacha nani, tuongee historia kidogo. Msikimbie. Hii historia ina mkojo ndani yake, ina korodani za mbuzi, na ina mzee wa miaka 72 aliyejidunga sindano akatangaza mbele ya madaktari wenzake kwamba ujana umerudi.

Chanzo ni hiki. Kuna mastaa wetu wawili watatu, majina kapuni, ambao mpaka juzi juzi walikuwa na vitambi vya kuegeshea glasi. Watu wa miaka arobaini na kitu hao, tumewajua tangu tuko shule ya msingi. Ghafla wanapiga picha kifua wazi, mabega yamejaa, mishipa imetoka kama mizizi ya mwembe. Watu wanaulizana: hilo ni tizi tu au kuna kitu kinadungwa? Mimi jibu lao sina na silitafuti, mwili ni wao. Ila swali lenyewe limeshuka mpaka huku kwetu Sofu. Kwenye jimu ya uani, ile ya vyuma vya zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi, siku hizi wanaokuja saa kumi na mbili asubuhi sio vijana peke yao. Ni watu wa makamo, wenye familia, wenye presha zao. Na kuna kaka mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ana miaka 47, mimi huwa namwamkia shikamoo kabisa, akanivuta pembeni. "Mdogo wangu, wewe unasomasoma sana. Hivi hizi sindano za homoni zikoje? Kuna jamaa ananiambia miezi mitatu tu narudi kama nilivyokuwa na miaka ishirini na tano."

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Nikaingia kusoma. Kumbe hiyo ahadi ya jamaa ina umri wa zaidi ya miaka 130, na kila kizazi cha wanaume wa makamo kimeuziwa kwa chupa mpya.

Kwanza tukubaliane kwamba siri ya msingi wafugaji wetu waliijua bila kwenda chuo. Kiswahili kina neno maksai, yaani ng'ombe dume aliyehasiwa. Dume ukimhasi anatulia, anavuta jembe bila ugomvi, ananenepa, na jike akipita hana habari. Kwa hiyo kila mchungaji alijua udume unakaa wapi. Kitu ambacho hakuna aliyejua ni jinsi unavyosafiri. Korodani ziko kule chini. Inakuwaje zinabadilisha shingo, sauti, misuli na hasira?

Mtu aliyetoa jibu la kwanza alitumia kuku, jambo ambalo sisi watu wa Kibaha, wenye mabanda ya kuku kila kona, tunapaswa kulifurahia. Mwaka 1849, mji wa Göttingen huko Ujerumani, profesa Arnold Berthold alichukua majogoo machanga sita. Mawili akayahasi kabisa. Yakakua yamenenepa, ya upole, hayawiki inavyotakiwa, na ule upanga mwekundu wa kichwani ukabaki mdogo umepauka. Yale mengine akayatoa korodani halafu akazirudisha ndani ya tumbo, mahali ambapo si pake. Hayo yakawika kama kawaida, yakapigana, yakakimbiza mitetea. Baadaye akayachinja na kuyachunguza. Akaona korodani zile zimepata mishipa mipya ya damu, lakini hakuna neva iliyounganika nazo. Maana yake kuna kitu kinatoka mle na kusafiri kwa njia ya damu. Neno homoni lenyewe lilikuja kutumika mwaka 1905, huko London, lakini homoni ilikuwa imeshaonekana kwenye banda la kuku.

(Kabla hamjaniuliza: hapana, kuku wa nyama wa hapa kwetu hawakui kwa wiki tano sita kwa sababu ya homoni. Ni mbegu iliyochaguliwa miaka na miaka, na chakula. Hiyo stori iacheni kijiweni.)

Sasa njoo kwa yule mzee. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa mwaka 1817 Port Louis, kisiwa cha Morisi, jirani yetu hapa Bahari ya Hindi. Baba yake nahodha Mmarekani, mama yake mwenye asili ya Kifaransa. Hakuwa tapeli hata kidogo, na hili naomba mlishike. Alikuwa mmoja wa madaktari wakubwa wa dunia katika elimu ya uti wa mgongo. Kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaoitwa kwa jina lake mpaka leo. Kipindupindu kilipoivamia Morisi mwaka 1854 alirudi nyumbani kutibu watu wake. Mtu wa maana.

Lakini akazeeka. Na uzee, wadau, haumwogopi profesa. Tarehe 1 Juni 1889, mjini Paris, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake akawaeleza kwamba amejidunga chini ya ngozi maji aliyoyakamua kutoka kwenye korodani za mbwa na za simbilisi (wale wanyama kama sungura wadogo wasio na mkia). Akasema sasa anaweza kusimama maabara saa nyingi bila kuchoka. Ngazi anapanda mbio. Mkono una nguvu zaidi, alipima kwa chombo. Choo ambacho kilikuwa kinamsumbua kimekaa sawa. Na mkojo wake, mzee alisema bila haya, sasa unaruka mbali zaidi kuliko zamani, tofauti kama ya robo hivi. Yaani alipima. Nawaza tu mtu wa heshima zake na rula.

Habari ikasambaa dunia nzima. Madaktari wakaanza kuwadunga wateja, wafanyabiashara wakaanza kuuza chupa. Marekani, mwaka ule ule, mrusha mpira mmoja maarufu wa besiboli, Pud Galvin, alidungwa dawa hiyo na magazeti yakamsifu kwa ushindi wa mechi. Kwa hiyo mwanamichezo kutumia sindano ya korodani si jambo la juzi.

Mzee wetu wa Morisi alifariki mwaka 1894, hata miaka mitano haikufika. Na mwaka 2002 watafiti wa Australia waliamua kurudia kupika dawa yake vile vile alivyoandika yeye, halafu wakapima ndani yake kuna homoni kiasi gani. Hakukuwa na cha maana. Homoni ya kiume haiyeyuki vizuri kwenye maji, na korodani haziiweki akiba. Zinaitengeneza na kuiachia kwenye damu hapo hapo. Kwa lugha ya mtaani, mzee alijidunga maji. Ngazi alizipanda kwa imani.

Hapa ndipo mimi nilipokaa kimya kidogo. Kama profesa mwenye akili ile, aliyepima kila kitu maisha yake yote, aliweza kujidanganya kwa sababu tu alitamani sana, mimi na wewe ambao tunasimuliwa na jamaa wa jimu tuna kinga gani?

Biashara haikufa na mwenyewe. Ilikua. Daktari Serge Voronoff, mzaliwa wa Urusi aliyekuwa raia wa Ufaransa, alifanya kazi Misri miaka mingi, na huko Cairo aliwaona matowashi wa nyumba za wakubwa. Akadai kwamba wanazeeka haraka kwa sababu wameondolewa korodani. Basi akapiga hesabu yake: kama kuziondoa kunazeesha, kuongeza kutarudisha ujana. Mwaka 1920 akaanza kuwapandikizia wanaume vipande vyembamba vya korodani za sokwe. Matajiri wakapanga foleni. Sokwe wakawindwa Afrika Magharibi na kusafirishwa Ulaya, na Voronoff akanunua jumba la kifahari mpakani mwa Italia na Ufaransa akafuga nyani wake huko. Fikiria mnyama kama wale wa Gombe na Mahale, anakatwa ili tajiri wa Paris mwenye miaka 60 ajisikie shababi. Mwili wa binadamu haupokei nyama ya sokwe hivi hivi. Kipande kile kilikuwa kinakufa na kubaki kovu. Mteja alikuwa ameshalipa.

Na Marekani kulikuwa na mwenzake wa bei nafuu, John Brinkley, jimbo la Kansas. Huyu alitumia mbuzi. Ndiyo, beberu. (Sisi tuliosomeshwa kwamba beberu ni adui wa Mwafrika, tungecheka sana kumsikia mkulima wa Kansas akilipa dola 750 awekewe korodani za beberu.) Brinkley alifungua kituo chake cha redio, akawa anajibu maswali ya afya hewani na kuelekeza watu wakanunue dawa. Mwaka 1930 walimnyang'anya leseni ya udaktari, na mwaka huo huo akagombea ugavana, akapata kura nyingi tu. Mwaka 1939 alimshitaki mhariri aliyemwita tapeli, akashindwa mahakamani, na baada ya hapo madai yakammiminikia mpaka akafilisika. Kuna wateja waliokufa. Nani walikuwa wateja? Wanaume wa makamo. Wakulima, wenye maduka, watu wenye aibu ya kusema kinachowasumbua, ambao redio iliwaambia kwa sauti laini kwamba shida yao ina sindano.

Mpaka hapa ni maji na makovu. Sasa inakuja dawa ya kweli, na hapo ndo mambo yanabadilika, kwa sababu kitu cha uongo kinakula pesa tu mara nyingi, lakini kitu cha kweli kinafanya kazi, pamoja na kazi ambayo hukukituma.

Mwaka 1931 Mjerumani Adolf Butenandt alichukua maelfu ya lita za mkojo wa askari polisi wa Berlin, akachuja akachuja, akapata miligramu 15 za homoni moja ya kiume. (Niliwaahidi mkojo.) Mwaka 1935 kundi la watafiti Amsterdam likaipata yenyewe hasa, kutoka kwenye korodani za ng'ombe dume, wakaipa jina testosteroni. Mwaka huo huo Butenandt, na pia Leopold Ruzicka huko Uswisi, wakaweza kuitengeneza maabara. Mwaka 1939 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia, ingawa serikali ya Hitler ilimlazimisha Butenandt aikatae wakati ule.

Hapa nisimame kidogo nitenganishe ndugu wawili, maana mtaani tunawachanganya. Neno steroidi ni la ukoo mkubwa. Ile iliyomo kwenye baadhi ya mikorogo ya ngozi, na vidonge kama predinisoloni anavyopewa mwenye pumu, ni steroidi za aina nyingine. Hizo hazijengi msuli, ukizitumia ovyo zinaula msuli na kukuvimbisha uso. Tunazozungumzia leo ni testosteroni na watoto wake waliotengenezwa viwandani ili kujaza misuli. Kuna watu wanakunywa za upande ule wakidhani ni za upande huu.

Mwaka 1954, kwenye mashindano ya dunia ya kunyanyua vyuma Vienna, daktari wa timu ya Marekani, John Ziegler, alisikia kwamba Warusi wanatumia testosteroni. Akarudi nyumbani na wivu wa kizalendo. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ikatoa vidonge vya Dianabol, na Ziegler akawapa wanyanyua vyuma wake. Walipoona misuli inajaa wakaacha kufuata dozi, wakawa wanameza kwa kukadiria. Ziegler alikuja kujuta waziwazi. Alifariki mwaka 1983, moyo.

Tukio la 1974 ndilo lililonikamata zaidi, na linagusa nyumbani. Tarehe 2 Februari mwaka huo, Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wetu aliongoza mbio za mita 1500 tangu mlio wa bastola mpaka mwisho, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Shule zake tunazo hapa hapa Kibaha, kule Mkuza, watoto wa majirani wanasoma. Na kwenye michezo hiyo hiyo wanasayansi walifanya jaribio la kipimo kipya cha kugundua steroidi kwenye mkojo. Sampuli 55. Tisa zikaonyesha dalili, na kipimo cha pili kikathibitisha saba. Ilikuwa ni majaribio, kwa hiyo hakuna aliyeadhibiwa, na majina hayakutolewa. Hakuna haja ya kumwangalia Bayi kwa jicho baya. Simtaji kwa shaka, namtaja kwa fahari, jina lake halina doa. Nasema tu kwamba wakati kijana wa Karatu anakimbia kwa mapafu yake, kulikuwa na watu saba kwenye michezo ile ile waliokuwa na kitu mwilini, na mpaka leo ni majina kapuni. Sisi wa blogu za udaku hatukuwa wa kwanza kuficha majina.

Mwaka 1976 kule Montreal ndiyo Olimpiki ya kwanza kupima steroidi rasmi, na walikamatwa, wengi wao wanyanyua vyuma. Bayi hakuwepo, Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziligomea kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Medali ya mita 1500 akachukua John Walker, mtu ambaye Bayi alimshinda Christchurch. Hilo bado linauma.

Wakati huo Ujerumani Mashariki, wale wale waliosaidia kujenga maghorofa ya Kikwajuni na Michenzani kule Unguja, walikuwa wamefanya dawa hizi kuwa mpango wa serikali. Tangu 1974 wanamichezo wao, inakadiriwa karibu 10,000 kwa jumla, walipewa vidonge, na wengi walikuwa wasichana wadogo walioambiwa ni vitamini. Sauti zikawa nzito, ndevu zikaota, baadaye mimba zikawa shida, maini yakaharibika. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani wakubwa wawili wa mpango huo, mkuu wa michezo na daktari wake. Vifungo vikawa vya nje. Ukiuliza steroidi zinafanya nini kwa muda mrefu, huko ndiko kuna kumbukumbu zilizoandikwa kwa mhuri wa serikali.

Ben Johnson wa Kanada na sekunde zake 9.79 za Seoul 1988 mnamjua, sina haja ya kurudia. Bora tuangalie majirani. Mwaka 2018 shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, WADA, lilitoa ripoti kuhusu Kenya: tangu 2004, wanamichezo 138 wa Kenya walikutwa na dawa, na iliyoongoza ilikuwa nandroloni, mmoja wa wale watoto wa testosteroni niliowataja. Ripoti ilisema huko hakukuwa na mtambo wa siri kama wa Wajerumani. Ni mambo ya kubahatisha, kila mtu na njia yake, mwanariadha anayejua kidogo na mtoa huduma wa afya asiyeuliza sana. Nilivyosoma hapo nikasema, hii sasa ni sisi. Hakuna mpango wowote. Ni jamaa, chupa, na dirisha la duka.

Lakini kaka yangu wa vifaa vya ujenzi hataki medali. Anachotaka ni kitambi kiondoke, asihemee ngazi, na nyumbani heshima irudi, mnanielewa. Na pia, hili aliniambia baadaye kwa sauti ya chini, ameoa tena. Mke ana miaka 29, hawajapata mtoto.

Basi hii hapa ndiyo stori niliyompelekea, na nadhani ndiyo muhimu kuliko zote. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi saba. Walichukua wanaume 271 wenye afya njema, wakawadunga testosteroni miligramu 200 kila wiki. Unajua walikuwa wanatafuta nini? Uzazi wa mpango wa wanaume! Walikuwa wanaangalia kama sindano hiyo inaweza kuzuia mimba. Na wanaume 157 kati yao walifikia kutokuwa na mbegu hata moja. Katika mwaka mzima ambao hao walitegemea sindano hiyo peke yake, ilipatikana mimba moja tu kwa wote.

Soma tena hapo. Kile ambacho muuzaji anakiita nguvu za kiume, madaktari walikijaribu kama dawa ya kuzuia mimba, na ikafanya kazi.

Sababu yake ni rahisi ukishaelezwa. Ubongo ndio unaotoa amri kwa korodani zitengeneze homoni na mbegu. Ukimimina testosteroni ya nje, ubongo unaona damu imejaa, unasema basi, huko chini fungeni kazi. Korodani zinafunga. Zinasinyaa kweli, sio mfano. Ukiacha sindano, kiwanda hakiwaki kesho yake. Wengi kinarudi taratibu kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka, na katikati hapo unakaa huna ya nje wala ya kwako. Ndio pale mtu anasinyaa misuli, anakosa raha, tendo linagoma, na anarudi kwa jamaa kununua nyingine. Mteja wa kudumu. Ongeza na haya: sehemu ya homoni ya ziada mwili unaigeuza kuwa homoni ya kike, na kifua unachojivunia kinaweza kuanza kuota matiti, damu inakuwa nzito, mafuta mazuri ya damu yanashuka, vidonge vinalitesa ini. Kwa kijana wa miaka 22 ni hatari. Kwa mtu wa miaka 47 mwenye presha ambayo hajaipima tangu mwaka juzi, moyo hauna nafasi ya kubembelezwa.

Sitaki kuwa mtu wa kutisha tu. Wapo wanaume ambao miili yao kweli haitengenezi homoni ya kutosha, kwa ugonjwa, ajali au tezi kuharibika, na kwao testosteroni ni tiba halali. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa Marekani, wanaume zaidi ya 5,000 wa miaka 45 hadi 80 waliopimwa wakakutwa homoni iko chini na wana hatari ya ugonjwa wa moyo. Waliopewa testosteroni chini ya uangalizi hawakupata shambulio la moyo au kiharusi zaidi ya waliopewa dawa bandia, ingawa mapigo ya moyo kwenda ovyo na damu kuganda kwenye mapafu vilionekana zaidi kwao. Angalieni maneno: waliopimwa, homoni iko chini, uangalizi, dozi ya kurudisha pungufu. Dozi za jimu ni mara kadhaa ya hiyo, wakati mwingine dawa mbili tatu zimechanganywa, na hakuna aliyepimwa chochote.

Halafu kuna chupa yenyewe. Dawa halali nchini inapitia TMDA, ile iliyokuwa TFDA mpaka 2019. Chupa niliyoonyeshwa mimi ilikuwa na maandishi ya lugha ambayo mimi na muuzaji wote hatuisomi. Ndani inaweza kuwa homoni, inaweza kuwa mafuta ya kupikia. Na sindano yenyewe mara nyingine ni moja kwa watu wawili, washikaji wa tizi wanaaminiana. Virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi havijui ushikaji.

Kaka aliposikia habari ya wale 157 alicheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza, sasa nifanye nini na hiki kitambi? Nikamwambia kitu ambacho hakina mvuto hata kidogo: hicho kitambi ndicho kimojawapo cha wezi. Mafuta ya tumbo yanageuza homoni ya kiume kuwa ya kike, usingizi mbovu unaishusha, pombe nyingi inaishusha, na kisukari huwa kinatembea nayo pamoja. Mtu akipungua kilo na kulala vizuri inapanda yenyewe, kiwandani kwake, bila ubongo kufunga kazi. Umri unaishusha pia, ila kidogo kidogo, kama asilimia moja kwa mwaka baada ya kuingia utu uzima. Na vyuma vya zege vinafanya kazi kwa mtu wa miaka 47, polepole kuliko kwa mimi, lakini vinafanya.

Na kama bado ana wasiwasi, Hospitali ya Tumbi haiko mbali na sisi, akamwone daktari, aanze na presha na sukari. Kipimo cha homoni kinachukuliwa asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo huwa juu na ikifika jioni imeshuka; ikionekana pungufu mtu anaitwa siku nyingine apimwe tena kabla hajaandikiwa kitu. Daktari anayeijua kazi yake atakuuliza unalala saa ngapi, unakunywa kiasi gani, una kisukari, na bado unataka watoto. Hilo swali la mwisho, kwenye jimu zote nilizopita mimi kuanzia Kwa Mathias mpaka Mailimoja, sijawahi kusikia muuza sindano akimuuliza mteja.